BUNGE LA WOTE NI LA NANI?



Leo twaandika habari ya bunge la kaunti yetu ya Makueni, lile likaalo mjini Wote. Twajua wako wanachama watakaosema mara moja, "Hiyo si kazi ya chama. Kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni. Mambo ya Wote ni ya wanasiasa, tuwaachie wenyewe." Sisi twasema sivyo. Twawaomba msome mpaka mwisho, kisha mtujibu katika mkutano wa tawi.

Mshahara hupatikana stesheni, lakini hauliwi stesheni. Huliwa nyumbani. Reli ni kazi ya serikali ya taifa, ndivyo isemavyo Katiba ya 2010, na juu ya reli bunge la Wote halina neno. Lakini mtu akitoka kazini Emali au Kibwezi, akavuka ua wa stesheni hatua moja tu, amekwisha ingia katika mambo ya kaunti. Zahanati apelekapo mtoto ni ya kaunti. Hospitali ya Tawa ni ya kaunti. Shule ya chekechea, chuo cha ufundi cha kijijini, barabara ndogo ya kwenda kwake, tangi la maji, vyote ni kaunti. Mkewe auzaye nyanya na maharagwe katika soko la Tawa hulipa ushuru, na kiasi cha ushuru ule hupitishwa na wajumbe wa Wote katika sheria ya fedha. Basi shilingi ambayo chama kimeitoa kwa mwajiri kwa taabu nyingi, yaweza kutoka tena kwa mlango wa nyuma kwa kura ya siku moja, nasi tumelala. Chama kilindacho mlango wa mbele peke yake ni mlinzi wa nusu nyumba.

SIKU MOJA BUNGENI

Wengi wetu hatujapata kuingia bungeni. Basi kwanza tueleze kazi ya siku moja kama sheria itakavyo.

Bunge lina wajumbe 30 waliochaguliwa kwa kura, mmoja kwa kila wadi, na wengine walioteuliwa na vyama vya siasa kwa ajili ya usawa wa wanawake na wanaume, vijana na watu wenye ulemavu. Spika hukaa kitini. Kama theluthi moja ya wajumbe hawapo, hakuna kikao. Kwanza ni sala. Kisha karatasi huwekwa mezani, yaani taarifa za kamati, hesabu na barua za serikali ya kaunti. Kisha hutolewa ilani za hoja. Mjumbe aweza kusimama akadai maelezo: mbona daraja fulani halijaisha, mbona zahanati fulani haina dawa, mbona vibarua fulani hawajalipwa. Baadaye huja miswada. Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, wananchi hutakiwa maoni, hurudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupitiwa kifungu kwa kifungu, kisha husomwa mara ya tatu. Ukipita hupelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Wajumbe wakiupitisha tena vile vile kwa theluthi mbili, gavana hana budi kutia sahihi.

Mwanachama aliyepata kukaa katika mkutano mkuu wa chama ataona kwamba mambo haya si mageni. Ajenda, kumbukumbu, hoja, kuunga mkono, kura: bunge ni mkutano wa tawi uliovaa suti. Katika tawi, mweka hazina asomapo hesabu, wanachama wamejaa chumba, na akikohoa kidogo huulizwa mbona umekohoa. Lakini bungeni, kama viti vya wageni ni vitupu, ni nani atakayeuliza? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata daftari lisilosomwa mbele ya watu, nalo ni kama halipo.

Tena viti vile si fadhili ya mtu. Kifungu cha 196 cha Katiba chasema bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani, na vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa watu. Spika hana ruhusa ya kuwatoa wananchi wala watu wa magazeti ila kwa jambo lisilo la kawaida, tena kwa sababu ya haki. Kifungu hicho hicho chataka watu washirikishwe katika kutunga sheria. Mlango uko wazi kwa sheria. Kama hatuingii, tusimlaumu bawabu.

Na sisi watu wa reli hatuna udhuru wa kusema hatukujua saa. Fedha za kaunti zina ratiba yake, imeandikwa katika sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Mpango wa mwaka hufika bungeni tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hufika tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika tarehe 30 Aprili, na yapasa yapitishwe kabla ya mwisho wa Juni, maana mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mtu alalamikaye mwezi wa Agosti kwamba kijiji chake hakikupata tangi, huyo ni abiria aliyefika stesheni treni imekwisha kwenda, naye anamgombeza mwenye bendera.

TAREHE 23 SEPTEMBA 2014

Sasa tukumbushe siku nyingine, ambayo haikuwa kama sheria itakavyo. Kaunti zilianza Machi 2013. Mwaka wa pili haujatimia, Makueni ikawa na ugomvi kati ya wajumbe na Gavana Kivutha Kibwana juu ya bajeti. Wajumbe walisema gavana ataka kutawala peke yake na kuwafanya wao si kitu. Gavana alisema wajumbe wataka fedha za maendeleo zipite mikononi mwao. Miezi ikapita, kazi ikakwama. Tarehe 23 Septemba 2014, gavana akiwa pale na wajumbe wakiwa pale, risasi zililia katika viwanja vya bunge la Wote na watu wakajeruhiwa.

Risasi, ndugu zetu! Katika nyumba ya maneno! Nyumba iliyojengwa ili watu wagombane kwa hoja, na mshindi ahesabiwe kwa mikono iliyoinuliwa, ikawa mahali pa kuitiwa gari la hospitali.

Sisi hatutetei upande. Twasema wazi kwamba mjumbe achaguliwe kwa kazi 3: atunge sheria, amwakilishe mtu wake, aichungulie serikali. Kutumia fedha si kazi yake. Mkaguzi akishika yeye mwenyewe sanduku la nauli, ni nani atakayemkagua? Lakini twasema pia kwamba gavana si mfalme, na wajumbe si makarani wake. Wakubwa wa pande mbili waliposhindwa kusikilizana, dawa haikuwa bunduki. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi zile ni sisi. Mgonjwa aliyekuwa akingoja dawa hakuwa na upande.

Kisha ikaja hatua ya pili, nayo ndiyo tutakayo mwifikiri sana. Wananchi kwa maelfu, kwa hasira ya haki, walitia sahihi maombi kwamba serikali nzima ya kaunti isimamishwe, gavana na wajumbe wote waende nyumbani. Njia hiyo imo katika Katiba, kifungu cha 192. Rais aliweka tume, mwenyekiti wake Bwana Mohammed Nyaoga, ikaja ikasikiliza watu. Tume ilipendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Mambo yakaendelea kwa mvutano mpaka Agosti 2017, wapiga kura wakatoa hukumu yao wenyewe: gavana alirudishwa, na wengi wa wajumbe wale hawakurudi.

Hasira ya watu wale twaiheshimu. Lakini mashauri yale hatuyakubali, wala hatutayakubali yakija tena. Kuvunja bunge kwa sababu ya wajumbe wabaya ni kung'oa reli kwa sababu dereva amelewa. Dereva ashushwe, tena ashushwe upesi. Lakini reli ikiisha kung'olewa, hata dereva mwema hawezi kupita, na atakayeamua kama itatandikwa tena si wewe. Angalieni ni nani amepewa kalamu katika kifungu kile. Ni Rais, na Nairobi. Sisi tuliwachagua wajumbe wale, tukawaacha miezi 12 bila kuwatazama, kisha tukataka mtu wa mbali aje atuondolee. Chama kisichoweza kumwondoa katibu wake mbaya kwa kura, kikamwomba mwajiri aje akifunge chama, hicho si chama tena.

MABARAZA YALIYOPITA

Maneno haya hatuyasemi kwa kubahatisha. Mabaraza yamekuja yakaenda katika nchi hii, na tabia yake yajulikana.

Wakati wa Mwingereza, tangu miaka ya 1920, palikuwa na Baraza la Wenyeji la Machakos, nayo Makueni yetu ilikuwa ndani ya wilaya ile. Mwenyekiti wake alikuwa nani? Bwana DC. Wazee walikaa, wakatoa maoni, Bwana akafunga kikao. Basi mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe zao kwa bei ndogo, ati mifugo imezidi ardhi, watu hawakuona faida ya kupeleka shauri katika baraza la namna ile. Waliunda chama chao wenyewe, wakaandamana maelfu mpaka Nairobi, wake kwa waume na watoto, wakakaa huko majuma kadhaa wakimngoja Gavana wa koloni awasikilize. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa lazima ukaachwa. Baraza la kuteuliwa halikuokoa hata ndama mmoja. Watu waliokaa pamoja ndio waliookoa ng'ombe.

Mwaka 1963 tulipata uhuru pamoja na majimbo 7, kila jimbo na bunge lake. Letu lilikuwa Jimbo la Mashariki, makao yake Embu. Nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, nguvu za mabunge yale zilikuwa zimekwisha vunjwa. Yalibaki mabaraza ya wilaya, nayo yakashika shule za msingi, afya na barabara. Mwaka 1969 Bunge la Nairobi likapitisha sheria, na kuanzia Januari 1970 shule, afya na barabara zikachukuliwa na serikali kuu. Mabaraza yakabakiwa na masoko, leseni na takataka. Yakaendelea kudhoofika hivyo mpaka Machi 2013, ambapo mabaraza yote 175 ya Kenya yalizimwa, pamoja na Baraza la Makueni na yale ya miji ya Wote na Mtito Andei, zikaja kaunti 47.

Katika habari hizi zote twaona jambo moja. Baraza lisilo na watu nyuma yake huondolewa kwa kalamu, mchana, bila mtu kupiga kelele. Waliolipenda bunge la jimbo ni waliokuwa na viti ndani yake. Mkulima wa Tawa hakujua hata rangi ya mlango wake. Kama tunataka bunge la Wote lisiende njia ile ya 1964, na kazi zake zisivuliwe kidogo kidogo kama 1969, basi mizizi yake ishuke mpaka kijijini. Hilo ndilo jambo letu la leo.

KIJIJI KICHAGUE

Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 yasema kaunti igawanywe mpaka chini: kaunti ndogo, wadi, kijiji. Katika kila kijiji pawe na msimamizi aliyeajiriwa na kaunti, na pawe na baraza la kijiji lenye wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, msimamizi akiwa mwenyekiti. Hesabu ya vijiji vyenyewe huamuliwa na bunge la kaunti, na posho ya wazee huamuliwa na bunge hilo hilo. Basi matengenezo ya serikali za vijijini hayako Nairobi. Yako Wote, katika ajenda ya siku moja au nyingine. Na mpaka leo kaunti nyingi za Kenya mabaraza hayo hazijayaweka, ingawa sheria ni ya mwaka 2012.

Kwa nini ni jambo kubwa? Fanyeni hesabu, maana hesabu haina mjomba. Katika kuhesabiwa kwa watu mwaka 2019, Makueni ilikuwa na watu 987,653. Gawanya kwa wajumbe 30. Kila mjumbe ana watu karibu 33,000. Hata awe malaika, hawezi kujua kisima gani kimekauka na mama gani ametozwa ushuru mara mbili. Asiyeweza kujua huambiwa, na mwenye kumwambia mara nyingi ni yule aliye karibu na mlango wa gari lake.

Lakini sasa tazameni shimo lililomo ndani ya sheria ile. Wazee wale 3 mpaka 5 hawachaguliwi na kijiji. Sheria yasema huteuliwa na msimamizi, kwa kushindanishwa, na bunge la kaunti huidhinisha. Msimamizi ni mtumishi wa kaunti. Yeye ndiye mwenyekiti. Yeye ndiye ateuaye watakaokaa naye. Ndugu zetu, mwenyekiti aliyeajiriwa na serikali, na wazee waliochukuliwa na mwenyekiti: je, hatujapata kuliona baraza hili? Ni lile la Bwana DC, ila sasa limevaa nguo za nyumbani.

Tena Makueni tumekwisha onyesha kwamba iko njia iliyo bora. Baada ya ugomvi ule wa kwanza, wakati wa Gavana Kibwana, kaunti yetu ilijulikana kote Kenya kwa mikutano ya wananchi. Watu walikutana tangu kijiji, wakapanda mpaka makundi ya vijiji 377, sehemu za wadi 60, wadi 30, kaunti ndogo, mpaka kaunti. Kila ngazi watu walichagua kamati ya maendeleo yao wenyewe, na kila mradi ukawa na kamati ya kuutazama, ihesabu mifuko ya saruji. Wageni wa kaunti nyingine na wa Benki ya Dunia walikuja kujifunza. Hatusemi kila kitu kilikwenda sawa. Twasema kwamba mkulima aliinua mkono wake mwenyewe, akamchagua jirani amjuaye. Je, sasa sheria ije iweke juu yake mzee aliyeteuliwa ofisini? Mtu aliyekwisha zoea kuchagua, utamrudishaje kungoja kuteuliwa?

Basi shauri letu ni hili, nalo halivunji sheria ya taifa hata kidogo. Bunge la Wote, likitunga sheria yake ya mabaraza ya vijiji, liandike kwamba mwenye kutaka kuwa mzee wa baraza asimame kwanza mbele ya mkutano wa kijiji kilichokaa mchana, watu wapige mlolongo, na majina yaandikwe mbele yao. Msimamizi ateue kutoka majina yale peke yake, kwa kufuata kura. Na bunge likatae kuidhinisha jina lolote lisilopita mbele ya kijiji. Hivyo uteuzi unabaki kama sheria ya 2012 itakavyo, lakini ufunguo unakuwa mkononi mwa watu.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza wasema, "Mabaraza haya ni gharama." Haya, tuhesabu. Tuchukue kwa mfano makundi ya vijiji 377, kila moja wazee 5. Hao ni 1,885. Kila mmoja apewe posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni shilingi 3,770,000 kwa mwezi, yaani 45,240,000 kwa mwaka. Si fedha kidogo. Lakini bajeti ya kaunti huhesabiwa kwa mabilioni, na kwa kila bilioni moja fedha hizo ni chini ya 5 kwa 100. Mishahara ya wasimamizi itaongezeka juu yake, nayo ihesabiwe hadharani, wala tusidanganyane. Hata hivyo twauliza: daraja moja lililojengwa nusu likaachwa, ni bei gani? Tangi lisilopata maji hata siku moja, ni bei gani? Watu 5 wa kijijini wenye haki ya kuuliza ndio mlinzi wa bei rahisi kuliko wote.

Wa pili wasema, "Wazee wafanye kazi ya kujitolea, ni heshima." Hapa chama chetu hakiwezi kunyamaza. Kwa miaka mingi wazee wa vijiji walio chini ya machifu walitumwa usiku na mchana, kuamua kesi, kuita mikutano, kusindikiza polisi, bila mshahara. Heshima hailipi karo. Kazi ni kazi, iwe ya kushika nyundo au ya kusuluhisha mipaka ya mashamba. Tena mtu afanyaye kazi bila malipo hutafuta malipo kwingine, na huko kwingine ndiko rushwa ilikozaliwa.

Wa tatu wasema, "Mkichagua kijijini mtaleta siasa na fitina za koo." Maneno haya tunayajua tangu zamani. Ndiyo aliyoyasema kila mwajiri aliyeogopa wafanya kazi wachague wasemaji wao. Alisema, "Mimi nitawateulia mzee mwema, atawaletea shida zenu." Sisi tulikataa, na mpaka leo twachagua wenyewe. Fitina ipo penye uchaguzi, hatukatai. Penye uteuzi fitina ipo pia, ila hufanyika kwa siri, na mshindi huwa mwenye kunong'ona vizuri.

Wa nne ni wetu wenyewe. Wasema, "Sisi tuko kazini, hatuna siku ya kwenda Wote." Ni kweli, zamu ni zamu. Lakini tunapotaka mapatano na mwajiri hatuendi wote. Tunatuma watu 2 au 3, wanarudi wanatoa ripoti. Kwa nini tusifanye vile vile?

TUNALOTAKA

Basi tunaleta mambo 4 katika tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura:

1. Kila tawi lililo na wanachama wa Makueni lichague watu 2, wasio wagombea wa kiti chochote, wakae katika viti vya wageni Wote siku za mambo makubwa: makadirio, sheria ya fedha, na mswada wowote wa vijiji. Wakirudi watoe ripoti, nayo ichapwe katika karatasi hii: nani alikuwapo, nani hakuwapo, nani alisema nini, nani alipigaje kura.

2. Tuandike maombi kwa bunge la kaunti. Sheria ya 2012, kifungu cha 15, yampa kila mtu haki ya kuliomba bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Maombi yetu yawe moja tu: wazee wa baraza la kijiji wapite kwanza mbele ya kijiji. Sahihi zikusanywe soko la Tawa, stesheni, makanisani, msikitini na kwenye vyama vya akina mama.

3. Kila mjumbe wa wadi za Mbooni aitwe na watu wake mara moja kila miezi 3, atoe hesabu kama msemaji wa tawi atoavyo. Asiyekuja, jina lake liandikwe hapa, na kiti chake kitupu kiandikwe pia.

4. Mtu yeyote atakayetushauri kulifunga bunge, awe mkubwa wa Nairobi au rafiki mwenye hasira, ajibiwe kwamba wajumbe wana kipindi cha miaka 5 na kura iko, lakini nyumba ni yetu.

Ndugu Wafanya kazi, mji ule unaitwa Wote. Wakamba waliupa jina kwa maana yao, lakini kwa Kiswahili jina lile ni neno zito. Bunge la Wote liwe la wote, au sivyo litakuwa la wachache wakaao Wote. Haki haiji kwa barua. Huenda ikafuatwa, ikakaliwa mlangoni, ikatazamwa usoni, mpaka itoke.

Msomapo karatasi hii msiitupe. Mpeni jirani, naye ampe jirani. Asiyejua kusoma asomewe.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika kazi,
WAFANYA KAZI WA RELI, WATU WA TAWA